Kompyuta ya gemu Kisumu na Nakuru: fungua ubavu kabla ya kulipa

Kabla ya kutuma hela ya kompyuta ya gemu, mwombe muuzaji picha mbili: moja ya ndani, ubavu ukiwa wazi, na nyingine ya kibandiko cha pawa saplai, kile kisanduku kinachoipa mashine stima. "Boss, naomba ufungue hapo ubavuni unitumie picha." Akikataa, tafuta mwingine. Picha hizo mbili zitakueleza mengi kuliko tangazo lote la "i7, RAM 16, SSD 512" na taa za rangi saba.

Watu hubishana kama ni heri kununua mashine iliyokwisha kuundwa au kujiundia. Kwangu mimi, nani aliyekaza skrubu ni jambo dogo. Kubwa ni kama mashine hiyo itakubali vipande vya kawaida kesho na kesho kutwa. Inayokubali utailisha polepole, leo RAM (kumbukumbu ya kazi), mwaka ujao kadi ya picha (ile inayochora gemu kwenye skrini), na itakufaa miaka mingi. Isiyokubali itabaki vile ulivyoinunua mpaka siku utakayoiuza kwa hasara.

Huku kwetu kuna njia tatu. Ya kwanza ni kununua mashine ya gemu iliyo tayari, ama ya kiwandani ama iliyoundwa na duka la Nairobi. Ya pili ni kununua vipande na kuunganisha mwenyewe. Ya tatu, ambayo ndiyo wengi wa mitaa ya Kondele, Milimani au Section 58 wanaifuata, ni kuchukua kompyuta ya ofisi ya ex-UK (iliyotumika Uingereza) na kuitia kadi ya picha. Nianze na hiyo ya tatu, maana ndiyo yenye mitego mingi.

Mashine za ex-UK, yaani Dell OptiPlex, HP EliteDesk na Lenovo ThinkCentre, zimeundwa vizuri sana. Ubao mama, ule unaobeba vipande vyote, ni imara na bei ni nafuu. Lakini ziliundwa kwa ajili ya karani, na ukubwa wa kesi, yaani ganda la kompyuta, ndio unaoamua kila kitu. Ile ndogo kabisa ya kushika mkononi usiiguse kwa kazi ya gemu, haina mahali pa kuchomeka kadi ya picha. Ile nyembamba ya kulaza chini ya monita inakubali kadi fupi za kimo cha nusu tu, na hizo ni chache, tena muuzaji anajua huna pengine pa kwenda. Tafuta ile ndefu ya kusimama, ambayo wauzaji huiita tawa. Ukiambiwa "ni OptiPlex 7060" uliza mara moja ni ya umbo gani, kwa sababu jina hilo moja limebeba maumbo yote matatu.

Kisha angalia kizazi cha prosesa. Windows 10 iliacha kupata huduma ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka Intel ya kizazi cha 8 kwenda juu pamoja na kinga ya usalama iitwayo TPM 2.0. Kwa hiyo i5-6500, yenye viini 4, naiona haistahili pesa yako tena hata ikiuzwa kwa bei ya kuku. i5-8500 ina viini 6, inakubalika na Windows 11, na bado inaendesha gemu nyingi bila kukwama. Usidanganywe na neno "i7" likiwa peke yake. i7-4770 ni ya mwaka 2013, na i3-12100 ya mwaka 2022 inaiacha mbali sana. Namba inayofuata baada ya kistari ndiyo ya kusoma: 8500 ni kizazi cha 8, 12100 ni cha 12.

Sasa tufike kwenye pawa saplai, mahali ambapo pesa za watu wengi huteketea. OptiPlex tawa za miaka hiyo huja na pawa saplai ya wati 240 au 260, na waya wake wa kwenda kwenye ubao mama una pini 6 au 8 badala ya zile 24 za kawaida. Lenovo hutumia pini 10 au 14, na HP nao wana mpangilio wao. Maana yake huwezi kuingia duka lolote la Oginga Odinga Street, Kisumu, ukanunua pawa saplai, ukaichomeka. Kuna adapta za kugeuza pini 24 kuwa hizo nyingine, na zinafanya kazi, lakini nunua ya kampuni na modeli yako kamili. Adapta ya Dell ukiipachika kwenye HP kwa kulazimisha, unaweza kuua ubao mama kwa sekunde moja. Pia pima kwa rula kama pawa saplai ya kawaida inaingia ndani ya kesi na matundu ya skrubu yanalingana. Nyingine hazilingani.

Ukitaka kuiacha pawa saplai iliyokuja nayo, sheria ni rahisi: nafasi ya PCIe kwenye ubao mama, pale kadi inapochomekwa, hutoa wati 75 pekee, basi tafuta kadi isiyozidi hapo na isiyo na tundu la waya wa ziada. GTX 1050 Ti na GTX 1650 zina wati 75, ingawa baadhi ya GTX 1650 zimewekewa tundu la pini 6, kwa hiyo itazame kadi yenyewe, usitegemee jina. RTX 3050 ya GB 6 hula wati 70, na nyingi hazihitaji waya wa ziada. Hiyo ndiyo kadi ninayoipendelea zaidi kwa tawa la ofisi. RX 6400 hula wati 53 na inavutia kwa bei, ila ina njia 4 tu za PCIe za kupitishia data. Iliundwa kwa toleo la PCIe 4.0, na ukiiweka kwenye ubao wa PCIe 3.0, kama ule wa i5-8500, upana wa njia unapungua nusu, na kumbukumbu yake ya GB 4 ikijaa gemu inaanza kugugumia. Weka hiyo kwenye ubao wa kisasa au uiache.

Utakutana na fundi anayekuambia, "Hakuna shida, tutavuta waya wa SATA tuugeuze uwe wa pini 6." Kataa. Plagi ya SATA imeundwa kubeba takriban wati 54 upande wa volti 12, na ile ya pini 6 inaruhusiwa kuvuta 75. Tofauti hiyo inageuka joto kwenye plagi ndogo ya plastiki, na plastiki inayeyuka ukiwa katikati ya mechi.

Kuna ndugu wa hizi tawa ambao watu huwasahau: mashine za kazi nzito kama Dell Precision 5810 na HP Z440. Hizo zilikuja na pawa saplai kubwa, ya wati 685 au 825 kwa Dell na 700 kwa HP ukipata yenye ile kubwa, na nyaya za kadi ya picha zimo tayari. Prosesa zake za Xeon ni za zamani na haziko kwenye orodha ya Windows 11, kwa hiyo ninazipendekeza tu kwa anayetaka kuunganisha gemu na kazi ya kuhariri video, na ambaye hatishwi na bili ya stima.

Njia ya kujiundia, basi. Ukiwa na bajeti ya kutosha, hii ndiyo njia ninayoiamini, na kwa Kenya bado nasimama na soketi ya AM4, tundu la ubao linalopokea prosesa za AMD. Ubao wake ni rahisi kupatikana, unatumia RAM ya aina ya DDR4, na prosesa ya Ryzen 5 5600 ina nguvu ya kulisha kadi yoyote ya bei ya kati. Suala la RAM si dogo: tangu mwishoni mwa 2025 bei ya RAM duniani imepanda sana kwa sababu viwanda vimegeukia mahitaji ya akili bandia. Mtu mwenye vijiti vya DDR4 kutoka mashine ya zamani ana akiba mkononi, na AM5, soketi mpya zaidi inayokubali RAM ya DDR5 peke yake, inamnyima nafasi ya kuvitumia. Anayejenga upya kabisa na mwenye hela, AM5 itamfaa, kwa kuwa soketi hiyo bado inaletewa prosesa mpya.

Usichanganye 5600 na 5500. Zinafanana kwa jina na bei, lakini 5500 ina nusu ya akiba ya ndani (cache), MB 16 badala ya 32, na inaishia PCIe 3.0. 5600G nayo ina picha ya ndani, yaani huchora skrini yenyewe bila kadi, nzuri kwa mtu anayetaka kuanza bila kadi na kuiongeza baadaye. Huyo lazima anunue RAM vijiti viwili vya GB 8, si kimoja cha 16, maana picha ya ndani inakula kutoka kwenye RAM, na kijiti kimoja kinaibana vibaya mno. Wauzaji wa mashine zilizo tayari hupenda kuweka kijiti kimoja. Angalia hilo kwenye ile picha ya ubavu.

Kwa mgao wa pesa: asilimia 35 hadi 40 iende kwenye kadi ya picha, karibu 30 kwenye prosesa na ubao, na usithubutu kuweka chini ya 10 kwenye pawa saplai. Kesi iwe ya mwisho. Yenye wavu mbele na feni mbili inatosha. Kioo cha ubavuni hakiongezi chochote kwenye gemu.

Pawa saplai mpya ichunguzwe kwenye kibandiko. Tafuta mstari wa +12V, zidisha ampea kwa 12. Kuna pawa saplai huuzwa pamoja na kesi, imeandikwa wati 500 kwa herufi kubwa, kumbe +12V ni ampea 18, yaani wati 216 basi. Ile nzuri ya wati 550 itakuonyesha ampea 45 hivi. Alama ya 80 Plus inaeleza inavyotumia stima bila kupoteza nyingi. Haithibitishi kwamba ina kinga dhidi ya mlipuko, kwa hiyo usiishie hapo. Mashine yenye Ryzen 5 5600 na RX 6600, ambayo ni kadi ya wati 132, huvuta karibu wati 250 ukicheza. Wati 550 za kweli zinatosha na kubakisha nafasi ya kadi kubwa zaidi.

Mashine iliyo tayari nayo ina heshima yake. Faida yake halisi ni mlango mmoja wa kurudi: ikigoma, unarudisha kitu kizima, hubishaniwi kama kosa ni la ubao au la RAM. Kwa mtu wa Kisumu ambaye kila kipande chenye waranti kitabidi kirudi Nairobi kwa basi, hilo si jambo la kudharau. Iliyoundwa na duka kwa vipande vya kawaida ni sawa na ya kujiundia, umelipia tu mkono wa fundi. Ya kiwandani ndiyo ya kuhofia, kwani baadhi ya Alienware Aurora na HP zina ubao na pawa saplai za umbo la kwao peke yao. Kadi ya picha utabadilisha, lakini ubao ukifa kesi nayo imekufa. Uliza pia, kabla ya kulipa, kama kufungua ubavu kunavunja waranti, na jibu liandikwe kwenye risiti. Neno la mdomo halikusaidii miezi minne baadaye.

Kama unaagizia kwa jamaa aliye Marekani, tazama nyuma ya pawa saplai. Nyingi za sasa zinajirekebisha zenyewe kutoka volti 100 hadi 240, ila zipo zenye swichi ndogo nyekundu ya 115 na 230. Ikija ikiwa kwenye 115 ukaichomeka kwenye stima yetu ya volti 240, utasikia mlio na kunusa moshi kabla hujabonyeza chochote.

Stima yetu yenyewe ni sehemu ya kompyuta, na inafaa ihesabiwe kwenye bajeti tangu mwanzo. Hatari zaidi ni stima inaporudi: inakuja kwa kishindo, inapungua, inapanda tena. Weka kifaa cha kukata volti ikipanda au ikishuka, kama kile cha kulinda friji, kisha UPS (betri ya kushikilia stima ikikatika), kisha kompyuta. UPS ya VA 650 hutoa wati 360 hadi 390 hivi, na ukiongeza monita inakuwa imebanwa. VA 1000 ina raha zaidi. UPS za bei nafuu hutoa mawimbi ya stima ya kuiga, si laini kama ya ukutani, na baadhi ya pawa saplai za kisasa huyakataa: stima ikikatika, mashine inazimika hapo hapo kana kwamba UPS haipo. Ijaribu ukiwa na gemu imefunguliwa, kwa kuchomoa UPS ukutani, ungali na risiti ya siku hiyo. Radi za Kisii, Kericho na Kakamega hazina adabu kwa kifaa chochote, na huingia pia kwa waya wa intaneti. Mawingu yakikusanyika, chomoa vyote viwili. Na ukigusa kesi ukahisi mtekenyo wa stima vidoleni, huenda waya wa athi (wa kupeleka stima ardhini) nyumbani haujaunganishwa. Mwite fundi wa stima, usiuzoee.

Joto la Kisumu linabadilisha hesabu. Chumba chenye paa la mabati saa nane mchana si chumba cha Nakuru, ambayo iko mita 1,850 juu ya bahari, huku Kisumu ikiwa 1,131. Prosesa isiyosumbua Nakuru inaweza kufika nyuzi 90 Kisumu kwa kipoza kile kile. Kule ziwani ongeza feni ya kutoa hewa nyuma, na funika matundu ya mbele kwa wavu laini, kwa ajili ya wale wadudu wadogo wa ziwani wanaofuata mwanga usiku kwa maelfu. Wakinaswa kwenye mapezi ya kipoza wanageuka blanketi. Nakuru adui ni vumbi la kiangazi. Puliza kila baada ya miezi miwili, na ushike feni kwa kidole isizunguke unapopuliza.

Siku ya kuunganisha, anza nje ya kesi, ubao ukiwa juu ya boksi lake. Pembetatu ya prosesa ikutane na pembetatu ya soketi, na prosesa iteremke kwa uzito wake yenyewe, usiisukume. Vijiti viwili vya RAM viingie nafasi ya 2 na ya 4 ukihesabu kutoka kwenye prosesa. Pesti ya joto, ile ya kupaka kati ya prosesa na kipoza, ni tone la ukubwa wa punje ya choroko. Ndani ya kesi, hakikisha vigingi vya shaba viko chini ya kila tundu la ubao, na pasiwe na kigingi cha ziada kinachogusa mgongo wake. Waya wa pini 8 wa prosesa unafanana na ule wa kadi ya picha lakini mpangilio ni tofauti, kwa hiyo ukikataa kuingia usilazimishe. Ubao wa B450 uliokaa dukani muda mrefu huenda usiitambue Ryzen 5000 mpaka BIOS, programu ya ndani ya ubao, isasishwe, na skrini nyeusi itakufanya udhani umeharibu kitu. Mwombe muuzaji asasishe kabla ya kukutumia. Mashine ikishawaka, ingia BIOS uwashe XMP, mpangilio wa kasi ya RAM, la sivyo RAM uliyolipia kasi ya 3200 itaenda 2133 au 2400 milele.

Ukija kubadilisha prosesa ya AM4 baadaye, iwashe kwanza dakika kumi pesti ilainike, izime, kisha zungusha kipoza polepole kabla ya kukiinua. Ukikivuta kikiwa baridi, prosesa hung'oka nacho kutoka kwenye soketi na pini hupinda.

Kadi za mtumba zina ujanja wake. Kuna GTX 550 Ti na GTS 450 zilizobadilishwa programu ya ndani zikajiita GTX 1050 Ti. Programu ya GPU-Z huzigundua na kuandika wazi kuwa ni bandia. RX 580 yenye maandishi 2048SP ni RX 570 kwa vazi jipya, maana RX 580 kamili ina viini 2304 vya kuchora. GT 730 ya GB 4 si sawa na GTX 1650 ya GB 4 hata kidogo, GB hazielezi kasi. Na P106 ilikuwa ya kuchimbia sarafu za mtandaoni, haina hata tundu la HDMI.

Mashine ikitoka Nairobi kwa basi, kadi ya picha isafiri kwenye boksi lake, nje ya kompyuta. Matuta na mashimo ya safari ya kilomita mia tatu na hamsini hivi hadi Kisumu huifanya kadi nzito ining'inie na kupasua nafasi ya PCIe. Kama kuna kioo, kitolewe na kufungwa peke yake.

Ikifika, chomeka HDMI kwenye kadi ya picha, chini, si kwenye ubao mama. Kosa hilo moja limewafanya wengi warudishe kadi nzima. Sakinisha draiva, fungua gemu nzito, acha iende saa nzima mchana wa joto, huku ukisoma nyuzi za prosesa na kadi. Prosesa ikipita 90, au mashine ikijizima yenyewe, mpigie muuzaji siku hiyo hiyo kabla hujatupa boksi.